Mrithi Huandaliwa Mapema

Chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, kilichoasisiwa mwaka 1954, kina utaratibu unaostahili kuigwa. Rais wake huongoza mwaka mmoja tu. Mrithi huchaguliwa mapema na kujifunza kazi akiwa rais mteule. Naye anayemaliza muda hubaki karibu kama rais aliyetangulia. Ndiyo maana mpango wa "Mazoezi ni Dawa", uliozinduliwa mwaka 2007 wakati wa urais wa Dkt. Robert Sallis, haukukoma alipoondoka madarakani.

Somo hili latuhusu pia. Katika baadhi ya kliniki za kisukari na shinikizo la damu, kikundi cha mazoezi humtegemea muuguzi mmoja; akihamishwa, wagonjwa hutawanyika. Ilhali Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na manufaa yake hupungua mtu aachapo.

Basi kila kikundi kiteue msaidizi tangu mwanzo, hata miongoni mwa wagonjwa wenyewe. Afundishwe kuongoza zoezi, kutunza daftari la mahudhurio na kutambua dalili za hatari, kama maumivu ya kifua. Muuguzi akihama, zoezi liendelee wiki ileile.