Ulimi wa Seremala: Neno Moja, Kazi Nyingi

Kuna maneno tunayoyatumia kila siku kwa maana moja tu, tukazisahau nyengine. Mojawapo ni ulimi. Kwa wengi wetu, ulimi ni ule wa kinywani au ulimi wa moto. Kwa seremala, ulimi ni ncha ya ubao iliyochongwa ikawa nyembamba ili iingie katika tundu la mti mwengine.

Tizama kitanda cha kamba. Miguu yake minne ni matendegu, miti miwili mirefu ya ubavuni ni mifumbati, na ile mifupi ya kichwani na miguuni ni vitakizo. Mifumbati na vitakizo huchongwa ndimi, matendegu hutobolewa matundu kwa patasi, na kitanda husimama bila ya msumari hata mmoja.

Usichanganye ulimi na msuka. Msuka ni ncha ya chuma ya kisu au patasi inayozama ndani ya mpini. Yote mawili hushikanisha, lakini ulimi ni wa mti na msuka ni wa chuma.

Kanuni ya mafundi ni kwamba ulimi uwe kama thuluthi ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 45 hupewa ulimi wa milimita 15. Ukizidi unene, kuta za tundu hubaki dhaifu na mti hupasuka. Ukiwa mwembamba mno, ulimi wenyewe hukatika. Mbao nazo ziwe kavu, kwani mbichi hunywea na ulimi ukalegea.

Kwa nini tujali? Vitanda vingi vinavyouzwa leo vimepigwa misumari tu. Chumvi na unyevu wa pwani yetu huila misumari ile, na kitanda cha harusi huanza kulia kabla ya mtoto wa kwanza kutembea. Kwa hivyo, mzazi, kabla hujatoa pesa muulize fundi: umetia ulimi ama umepiga misumari? Kisha inama, utizame maungio kwa chini. Na aliyechonga ulimi usimpunje bei, kazi yake ina saa nyingi.

Vijana wetu vyuoni hufunzwa ufundi huu kwa Kiingereza. Ni vyema, lakini wakifika kwa fundi mzee akawaambia "chonga ulimi", wasibaki kumkodolea macho.