Kiolesura cha Tovuti kwa Msomaji wa Kiswahili: Kanuni za Usanifu na Vyombo vya Kazi

1. Utangulizi

Katika idara nyingi za lugha nchini mwetu, kazi za wanafunzi zimelala kabatini. Methali zilizokusanywa vijijini, hadithi zilizopokewa kutoka vinywani mwa wazee, orodha za maneno ya mafundi wa migodini: yote hayo yamepigwa chapa katika nakala mbili au tatu tu, na mchwa hawangoji. Ndiyo maana walimu na wanafunzi wengi wamefikia wazo moja, yaani kuziweka kazi hizo katika tovuti ili zisomwe na yeyote mwenye simu.

Mwandishi wa makala haya alishiriki jaribio la namna hiyo pamoja na kikundi kidogo cha wanafunzi. Ukurasa wetu wa kwanza ulipendeza sana kwenye kompyuta ya yule aliyeutengeneza. Kwenye simu za wenzake haukufunguka, na wale wachache waliofaulu kuufungua hawakujua wabonyeze wapi. Ilitubidi kuanza upya. Makala haya yanakusudia kueleza tuliyojifunza katika kuanza upya huko: kanuni za kusanifu kiolesura, yaani ule uso wa programu ambao mtumiaji anauona na kuugusa, pamoja na vyombo vinavyofaa kwa kazi hiyo. Hoja yetu kuu ni kwamba kiolesura ni matini kabla ya kuwa picha. Kwa hiyo mtaalamu wa Kiswahili asiitwe mwishoni kusahihisha tahajia. Awepo tangu siku ya kwanza.

2. Ukurasa wa tovuti umejengwa kwa nini?

Mtandao wa kurasa tunaoutumia leo ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyetoa pendekezo lake mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia ufundi huo bila malipo. Bila uamuzi huo, idara isiyo na fedha isingeweza hata kufikiria kuwa na tovuti.

Ukurasa una tabaka tatu. La kwanza ni HTML, ambayo hutaja kila sehemu ya matini ni kitu gani: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo. La pili ni CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994. Kazi yake ni sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi baina ya vitu. La tatu ni JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995, ambayo huupa ukurasa uwezo wa kutenda, kwa mfano kukagua fomu kabla haijatumwa.

Mwanaisimu hatapata taabu kuelewa mgawanyo huu, maana amezoea kutenganisha muundo wa sentensi na matamshi yake. Kosa la wanaoanza ni kuchanganya tabaka hizo. Mtu anakuza herufi za mstari fulani ili ufanane na kichwa, lakini hautambulishi kuwa kichwa katika HTML. Macho yanadanganyika; programu inayomsomea kipofu kwa sauti haidanganyiki, nayo itausoma mstari huo kama aya ya kawaida.

3. Kanuni kuu za usanifu

Kanuni ya kwanza ni kumjua msomaji na chombo alichoshika. Msomaji wetu yu kwenye simu, juani, na amenunua mega zake kwa fedha ya mfukoni. Hebu tupige hesabu. Makala ya maneno 1500 ya Kiswahili yana herufi zipatazo 10 000, yaani kilobaiti 10 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kuwekwa bila kupunguzwa yaweza kufikia megabaiti 3. Picha hiyo peke yake ina uzito wa makala 300 za namna hiyo. Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa na picha sita za jengo la chuo, na kumbe msomaji alikuwa akitafuta methali.

Kanuni ya pili ni ukurasa kujirekebisha kulingana na upana wa skrini. Mmarekani Ethan Marcotte aliifafanua njia hii mwaka 2010: vipimo vitolewe kwa uwiano badala ya pikseli zisizobadilika, picha zisipite upana wa mahali zilipo, na CSS ibadilishe mpangilio skrini inapokuwa nyembamba. Inafaa kuanza na skrini ya simu, kisha kupanua kuelekea kompyuta. Anayeanza na skrini ndogo hulazimika kuamua lipi ni la lazima na lipi ni pambo.

Kanuni ya tatu ni kuonekana. Miongozo ya kimataifa ya kurahisisha matumizi ya tovuti kwa watu wote, WCAG, inadai tofauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4,5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe hayatimizi sharti hilo, na mchana wa kiangazi hayasomeki kabisa. Toleo la 2.2 la miongozo hiyo, lililotolewa Oktoba 2023, linataka pia mahali pa kubonyeza pawe na angalau pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, ili kidole kisiguse jambo lisilokusudiwa.

Kanuni ya nne ni kumjibu mtumiaji. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, alieleza katika miaka ya 1990 mipaka mitatu ya subira ya binadamu. Jibu likija katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona limekuja papo hapo. Likichukua sekunde moja, mawazo yake hayakatiki ingawa ameona kuchelewa. Likipita sekunde kumi, akili yake huhamia kwingine. Kwa hiyo kazi ikichelewa, ukurasa useme: «Tunatafuta, subiri kidogo». Mtumiaji akiachwa kimya atabonyeza mara tano, na fomu moja itatumwa mara tano.

4. Kiswahili ndani ya kiolesura

Kanuni hizo ni za watu wote. Tunaingia sasa katika sehemu ambayo mhandisi hawezi kuikamilisha bila msaada wetu.

Tuanze na upatanisho wa ngeli. Wahandisi hupenda kuunganisha vipande vya matini: jina la kitu huwekwa mahali palipoachwa wazi, kisha hufuata maneno yasiyobadilika. Kipande kisemacho «imefutwa» kinafaa kwa picha. Lakini kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa, ujumbe umefutwa, na maoni yamefutwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kitufe kisemacho «mpya»: ujumbe mpya, kitabu kipya, jina jipya. Dawa yake ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, au kuchagua muundo usiohitaji upatanisho. «Ongeza kitabu» ni salama kuliko «Kitabu kipya», kwa kuwa kitenzi «ongeza» hakibadiliki hata jina likibadilika. Vivyo hivyo, badala ya kuitungia mashine sentensi yenye idadi ndani yake, tuandike «Tasnifu zilizopatikana: 3».

Jambo la pili ni urefu wa neno. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. «Hatujakutambua» ni neno moja, nalo halikatwi katikati kwa urahisi. «Yaliyohifadhiwa» lina herufi 15. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la lugha nyingine kitalipasua au kulificha nusu. Basi upana wa kitufe ufuate maandishi, wala usiwekwe kabla yake.

Jambo la tatu ni kuitambulisha lugha. Mwanzoni mwa kila ukurasa wa HTML kuna mahali pa kutaja lugha; kwa Kiswahili huandikwa lang="sw", na anayetaka kuonyesha kwamba ni Kiswahili cha Kongo huandika lang="sw-CD". Wengi hunakili ukurasa wa Kifaransa na kusahau kubadilisha alama hiyo. Matokeo yake, programu inayosoma kwa sauti yaweza kufuata matamshi ya Kifaransa: ch ikasikika kama sh, na au ikasikika kama o. Kipofu anayesikiliza «shauri» au «chakula» namna hiyo ataona anatukanwa.

Jambo la nne ni utafutaji. Neno «ng'ombe» lina ritifaa, na ritifaa huandikwa kwa alama mbili tofauti katika kompyuta: iliyonyooka na iliyopinda. Kwetu sisi ni alama moja. Kwa mashine ni mbili. Mwanafunzi alitafuta methali ya ng'ombe katika mkusanyo wetu, akajibiwa kwamba hakuna, ilhali zilikuwamo. Programu ifundishwe kuzihesabu alama hizo kuwa sawa, na kumkubali hata aliyeandika «ngombe» bila ritifaa.

Jambo la tano ni saa. Tangazo lisemalo «mwisho saa 3:00» lina mashaka, kwani saa tatu asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili ni 9:00 kwa hesabu ya Kifaransa. Tena nchi yetu ina majira mawili: saa za Lubumbashi ziko mbele ya saa za Kinshasa kwa saa moja. Ukurasa wa kujiandikisha kwa mtihani uandike wazi: «saa tatu asubuhi (9:00), saa za Lubumbashi». Mwanafunzi anaweza kupoteza mwaka mzima kwa sababu ya neno lililokosekana hapa.

La mwisho ni istilahi na adabu. Istilahi nyingi zimekwisha kutungwa. Kwa mfano, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Hata hivyo, istilahi sanifu haitoshi. «Pakua» kwa anayeisikia mara ya kwanza ni kutoa chakula chunguni au kushusha mzigo. Tusiikatae, tuisindikize: «Pakua tasnifu hii kwenye simu yako, megabaiti 2». Na mtumiaji akikosea, tusimwandikie «Umekosea!» kwa herufi nyekundu, kana kwamba mashine inamkemea mzee wa watu. Afadhali: «Jina hili halimo katika orodha. Tafadhali kagua herufi zake, kisha ujaribu tena.» Ujumbe huo unataja tatizo na kuonyesha njia ya kutokea.

5. Vyombo vya kazi

Chombo cha kwanza ni karatasi na penseli. Kila ukurasa uchorwe katika mstatili wa ukubwa wa simu, pamoja na maneno halisi yatakayoandikwa. Anayependa kuchora kwa kompyuta anaweza kutumia Figma, inayotumiwa na wasanifu wengi, au Penpot, ambayo msimbo wake ni huria.

Kwa kuandika HTML na CSS, inatosha programu ya kuhariri matini. Notepad++ ni nyepesi na hufanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani za Windows. Visual Studio Code ina msaada mwingi zaidi, lakini inahitaji mashine yenye nguvu kidogo. Zote mbili hutolewa bila malipo, na zikishawekwa hufanya kazi bila intaneti.

Kisha kuna maktaba za vipande vilivyo tayari. Bootstrap, iliyotolewa na wahandisi wa Twitter mwaka 2011, hutoa vitufe, fomu na menyu zinazojirekebisha zenyewe kwenye simu. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, hufaa kwa programu kubwa zenye sehemu nyingi zinazobadilika. Kwa mkusanyo wa methali au orodha ya tasnifu, kwa maoni yetu, React ni mzigo usio wa lazima kwa mwandishi na kwa simu ya msomaji. HTML safi yenye CSS fupi yatosha.

Kwa ukaguzi, vivinjari vya Firefox na Chrome vina vyombo vya ndani vinavyoonyesha ukurasa katika upana wa simu na kupima uzito wa kila faili. Chrome ina pia Lighthouse, inayotoa alama kwa kasi ya ukurasa na kwa urahisi wa kuutumia. Lakini hakuna chombo kinachompita binadamu. Nielsen alishauri mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano kunatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mpe mtu simu yake mwenyewe, mwambie: «Tafuta tasnifu kuhusu methali», kisha unyamaze. Sisi tulijaribu na watano, na wa pili tu alitosha kutuonyesha kwamba menyu yetu haikueleweka.

6. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kusanifu kiolesura ni kumwandikia mtu mwenye haraka, mwenye skrini ndogo na mega chache. Ufundi wake unaweza kujifunzwa katika muda wa likizo moja. Ujuzi wa ngeli, wa viambishi na wa adabu ya usemi, ambao wanafunzi wetu huutafuta kwa miaka mitano, ndio adimu zaidi, nao umo humu humu idarani. Tunapendekeza basi kwamba katika kila idara wanafunzi wawili au watatu wachague kabati moja, wachape upya kazi kumi zilizomo, na kuziwekea ukurasa mmoja mwepesi wa Kiswahili. Waanze na zile ambazo karatasi zake zimekwisha kuliwa pembeni.