Nyumba Inavuja, Hati Ni ya Nani?

Tangu baridi ya mwaka huu iishe, haipiti Ijumaa msikitini wala hakukaliki matangani ila hunijia mtu, aghalabu mama mtu mzima, akaniuliza swali lile lile: ikiwa mji huu wa Philadelphia unawatengenezea nyumba bure watu wenye kipato haba, mbona fulani aliomba akarudishwa, ilhali nyumba ni yake, analala humo na wanawe, na maji ya mvua yanapita juu ya taa? Nimejibu barazani, nimejibu kwa simu, nimejibu nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Sasa naona ni aula niandike, ili aulizaye tena apewe gazeti.

Msaada wenyewe wengi mmekwisha usikia, na jina lake ni Basic Systems Repair Program, unaoendeshwa na shirika la nyumba la mji liitwalo PHDC. Hutengeneza mambo ambayo nyumba haikaliki bila ya hayo: paa, umeme, mabomba, mtambo wa joto, na ukuta au sakafu iliyo karibu kuanguka. Haupaki rangi wala haubadilishi makabati ya jikoni. Kiwango cha kipato hufuata idadi ya watu wa nyumba na hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo msishike kiwango cha jirani. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya kijito cha Cobbs Creek, mnaokaa Upper Darby na kushuka treni pamoja nasi, ninyi mko katika kaunti nyingine, ijapokuwa adhana yetu ni moja. Msipoteze saa mbili kwenye simu ya mji usio wenu, ulizeni kaunti ya Delaware.

Lakini watu hawanaswi hapo. Wananaswa mahali pamoja, na mahali hapo ni hati.

Yuko mama yetu mmoja, mjane, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mumewe alinunua nyumba ya safu kusini-magharibi mwa mji kabla hajamleta mkewe huku, basi hati ikaandikwa jina la mume peke yake. Wajuao nyumba hizi wanajua zilivyo: zimeshikana ukuta kwa ukuta kama za Mji Mkongwe, paa ni bapa lililopakwa lami, na lami ikipasuka maji hayamwagiki nje bali hutafuta njia ndani, yakashuka ukutani polepole mpaka yakaota ukungu. Mume alifariki; miaka minne baadaye paa likapasuka. Nilipokwenda kumtazama nilikuta sufuria kubwa ya karamu, ile ambayo jamaa zetu huazimana kwa arusi, imewekwa katikati ya chumba cha nyuma, na kila tone likidondoka ilitoa mlio kama upatu.

Akapiga simu kuomba msaada, na mkalimani wake akawa mjukuu wa miaka 11. Akaulizwa hati. Kijana, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula na kukatalia kulala, akamwambia bibi yake, "Wanataka karatasi ya nyumba." Mama akainuka, akaleta bahasha iliyofungwa kwa uzi wa leso: ankara za kodi ya jengo za miaka minne, zote zimelipwa, zote kwa jina la marehemu. Kijana akasema zipo. Wiki kadhaa zikapita katika matumaini, mpaka ilipobainika kwamba karatasi iliyotakiwa siyo hiyo, na kwamba kwa mujibu wa hati mama yetu alikuwa mkaaji tu katika nyumba ya maiti.

Hapa natia aibu yangu mwenyewe. Siku ya arubaini ya marehemu, wazee sita tulikaa sebuleni humo humo kugawa mirathi. Mjane tukampa thumuni yake kama ilivyo katika Kitabu, na iliyobaki tukawagawia watoto wanne, wawili wa mjane na wawili wa mke wa kwanza walioko Mombasa, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Tukawapigia simu wale wa Mombasa, nao kwa insafu yao wakasema mama asitolewe, akae mpaka mwisho wa umri wake. Tukaandika, tukatia sahihi, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa, tukaondoka kila mmoja akiona dhima imemtoka. Mwandiko wa karatasi ile ni wangu. Mbele ya Mwenyezi Mungu natumai ina uzito. Katika jumba la City Hall haina uzito wa tikiti ya basi.

Kwani sheria ya Pennsylvania, mtu akifa bila wasia naye ana watoto wa mke mwingine, humpa mjane nusu, na nusu ya pili ikawa ya watoto wote sawasawa. Haijui thumuni, wala haijui simu ya Mombasa. Maana yake ni kwamba vijana wawili ambao hawajapata kuiona theluji walikuwa ni wamiliki wa paa lile kwa sheria, na bila ya sahihi zao zilizoshuhudiwa kwa utaratibu hati haiwezi kuwa ya mama peke yake. Kijana wa Mombasa atakaye njia isiyo na mabishano hupanda treni hadi Nairobi, akasimama kwenye ubalozi wa Marekani, akalipa dola 50 kwa kila muhuri. Lau tungaliketi siku ile na wakili mmoja pamoja na wale wazee sita, haya yote yangalikwisha kabla lami haijapasuka.

Msidhani ni msiba wetu sisi wageni peke yetu. Taasisi ya Pew ilihesabu mwaka 2021 ikakuta katika mji huu nyumba zaidi ya 10,000 ambazo jina lililo katika hati silo la mtu anayedai kuwa mwenyewe, na thamani yake jumla ilipita dola bilioni moja. Wengi wao ni Wamarekani weusi waliorithi kwa mama na bibi zao kama tunavyorithi sisi, kwa kauli na mapenzi. Basi mtu hujiuliza: wanaotangaza fedha za matengenezo hawajui hesabu hiyo? Mwaka 2016 baraza la mji liliidhinisha kukopa dola milioni 100 kwa ajili ya matengenezo ya nyumba, baada ya foleni ya waombaji kuwa ya miaka; mwaka 2022 jimbo likatenga milioni 125 kwa kazi kama hiyo. Tukafurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Ila mji uliopokea kodi ya mjane miaka minne pasi na kumuuliza yeye ni nani, siku ya kumpa paa ndipo ukakumbuka kumuuliza hati. Na mimi, pamoja na heshima yangu kwa wenye kuandika kanuni, sijapata kusikia hoja iliyonishibisha juu ya jambo hilo.

Haya, na ifanywe kazi. Nakala ya hati hupatikana katika Idara ya Kumbukumbu, chumba namba 154 cha City Hall; itazameni leo, msingoje paa. Mkikuta jina ni la mke na mume waliooana walipoinunua, mmoja akafa, aliyebaki ndiye mwenye nyumba yote, na cheti cha ndoa na cha kifo vyatosha kuanza. Mkikuta jina ni la marehemu peke yake, hapana budi kufungua mirathi kwa Msajili wa Wasia, chumba namba 180 katika jumba lilo hilo, mmoja wenu apewe barua za usimamizi. Gharama zipo: ada za kufungua, ada za kusajili hati mpya, na kodi ya mirathi ya jimbo, ambayo kwa mjane ni sifuri, kwa watoto ni asilimia 4.5, na kwa ndugu wa marehemu ni asilimia 12. Lakini asiye na uwezo asirudi nyuma kwa ajili hiyo, kwani uko mfuko uitwao Tangled Title Fund, unaoshughulikiwa na Philadelphia VIP, uliowekwa khasa kulipia ada za mambo haya, na mawakili wasiotoza wapo Community Legal Services, na kwa waliofikia miaka 60 wapo SeniorLAW Center.

Jambo la majina litawasumbua, jiandaeni nalo. Sisi huitwa kwa jina letu, kisha la baba, kisha la babu. Karani wa kambini au wa uwanja wa ndege akachukua la babu akalifanya la ukoo, kwa hiyo baba na mwana wanatoka upande wa pili wa meza wakiwa na majina ya ukoo mawili tafauti, na mke la tatu. Mwana anayekwenda kuthibitisha kuwa huyu alikuwa babaye na awe na cheti cha kuzaliwa na kiapo cha maandishi kinachoeleza kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia kambi za Kigoma wanaijua adha hii kuliko mimi.

Na ninyi mnaolipa kila mwezi kwa mtu aliyewaahidi kwamba baada ya miaka kadhaa nyumba itakuwa yenu: je, mapatano hayo yamesajiliwa? Kama hayakusajiliwa, mnalipa kodi ya pango kwa jina la kununua, na paa likivuja yeye atasema nyumba ni yenu, na mji utasema nyumba ni yake. Mpelekeeni wakili karatasi hizo kabla ya malipo yajayo.

Mwenye deni la kodi ya jengo asijifiche. Kinachotakiwa ni kuwa amelipa au ameingia katika mapatano ya kulipa, na yapo mapatano ya wakaao katika nyumba zao, yaitwayo OOPA, ambayo hupima malipo kwa kipato. Deni la maji ni hivyo hivyo. Bomba likikatika chini ya njia, kati ya nyumba na bomba kuu, hilo ni la mwenye nyumba wala si la mji, jambo ambalo huwashangaza wote; lakini Idara ya Maji ina mkopo wake usio na riba, HELP, wa kulipwa kwa muda hadi miezi 60, na neno hilo la kutokuwa na riba najua litawapendeza wengi miongoni mwetu.

Tahadhari mbili nyingine. Msimpe fundi wa mlangoni fedha kwa kutumaini kwamba mtakwenda kudai mrudishiwe. Mji hutuma mafundi wake, na ulichokwisha kulipa kimekwisha. Pili, muombe mkalimani wa Kiswahili, kwa sauti, mwanzo wa simu, kabla ya kutaja jina lenu. Ni haki yenu na hamtozwi kitu. Mjukuu mwacheni afanye hesabu zake za shule.

Mama yetu sasa ana wakili, na barua za usimamizi amezipata. Karatasi mbili za Mombasa zimewasili wiki iliyopita: moja ina muhuri, ya pili imesahauliwa kutiwa sahihi, kwa hiyo imerudishwa. Sufuria ya arusi bado imo chumba cha nyuma, na mwenye shughuli mwezi ujao aazime kwingine.