Picha ya Heroe na Jina la Mpigaji

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini je, haki ya mtu aliyekwisha kutoa mali yake bure ni ipi? Swali hili si la mahakamani peke yake. Siku hizi limeingia hata katika kompyuta.

Nilipokuwa Nakuru nilizungumza na mwalimu mmoja anayetengeneza programu ya kuwafundisha watoto majina ya ndege na wanyama. Programu yenyewe ni huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuibadili, hata kuiuza. Ndani yake ametia picha za Ziwa Nakuru, heroe wamejipanga ufukweni kama utepe wa waridi. Ziwa hilo, pamoja na Bogoria na Elementaita, liliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wapigaji wamezitoa picha hizo bila malipo, ila kwa sharti moja: jina la mpigaji litajwe.

"Mzee wangu," akaniuliza, "kitu cha bure chenye sharti, ni bure hicho?"

Naam, ndugu msomaji, hebu tulipime swali lake.

Leseni za namna hii zilianza kutolewa na shirika la Creative Commons la Marekani mwezi wa Desemba, 2002. Wanaolihofia sharti la jina wana hoja yao. Zamani Chuo Kikuu cha California kilitoa programu zake kwa agizo kwamba kila tangazo la biashara linalozitaja likitaje na chuo. Wengine wakaiga, kila mmoja na jina lake. Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, alihesabu matamko 75 ya aina hiyo katika toleo la mwaka 1997 la mfumo uitwao NetBSD. Tangazo gani litabeba mzigo huo? Mwaka 1999 chuo kikaliondoa agizo lake.

Nao wakaguzi wa Debian, mkusanyiko mashuhuri wa programu huria, walizitilia shaka leseni za Creative Commons za toleo la pili, wakiona jinsi ya kutaja majina imebanwa mno. Toleo la tatu, la mwaka 2007, lilirekebishwa, nao wakalipokea.

Basi tatizo halikuwa jina. Tatizo lilikuwa namna ya kulitaja. Toleo la nne, la mwaka 2013, linaruhusu jina litajwe kwa njia yoyote ya busara kulingana na chombo kinachotumika. Hakuna anayemlazimisha mwalimu kuandika jina juu ya bawa la ndege. Ukurasa mmoja wa shukrani ndani ya programu watosha: nani amepiga picha, imetoka wapi, leseni yake ni ipi, na kama imebadilishwa. Ukurasa huo utasafiri na programu kila inakonakiliwa.

Sharti la kuogopwa ni jingine, lile la kukataza biashara. Kijana anayenakili programu na kutoza shilingi chache atakuwa amevunja ahadi bila kujua. Picha zenye katazo hilo hazifai kabisa kuchanganywa na programu huria.

Na sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alizichukua beti za Liyongo, akaongeza mishororo mitatu katika kila ubeti. Kazi ikapanuka, ikawa mpya. Je, jina la mwenye asili lilifutika? La hasha! Mpaka leo twaiita Takhmisa ya Liyongo. Hakuna aliyelalamika kwamba jina limemzuia kuisoma, kuinakili au kuihifadhi moyoni.

Mpiga picha husimama juani kutwa, miguu ikizama katika tope la magadi, akimngoja ndege aruke. Kisha akaisamehe fedha, akajibakishia jina tu. Tukimnyang'anya na hilo, tumemwachia nini?