Hisi, Hisia na Ibada ya Jumapili

Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana ambayo bado haijapata jina lililotulia katika Kiswahili, nayo ni hali ya mtu ambaye sauti, mwanga, harufu au mguso wa kawaida humfikia kwa ukali kuliko unavyowafikia wenziwe.

Tuchukue mfano wa Korogwe na Handeni. Kanisa la Anglikana la huko lina asili yake katika misheni ya UMCA, ambayo haikuona haya kutumia kengele na chetezo cha uvumba. Siku hizi kuna na vipaza sauti, na paa la bati hurudisha kila mlio. Kwa waumini walio wengi huo ndio utamu wa Jumapili. Mtoto mwenye usonji huenda akaziba masikio, akalia, akakimbilia nje. Huyu atasema hakufunzwa adabu, yule atanong'ona kwamba ana pepo. Na Jumapili ya pili mama yake atabaki nyumbani.

Neno usonji limekwisha kushika, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliitia hali hii miongoni mwa dalili zake. Lakini si kila aliye nayo ana usonji, kwa hiyo yahitaji jina lake yenyewe.

Wako wasemao "mwenye hisia kali". Hatuafikiani nao. Hisia ni mambo ya moyo, kama huruma na hasira. Na kanisani mwenye hisia kali ni yule atokwaye na machozi ya toba. Kasisi akiambiwa hivyo atamwombea mtoto, wala hatapunguza sauti ya kipaza sauti. Hisi, kwa upande mwingine, ni kazi ya milango ya fahamu. "Ukali wa hisi" nao haufai, maana mwenye macho makali husifiwa. Sisi twapendekeza "wepesi wa hisi", kama isemwavyo mwepesi wa kuhamaki. Na pale mambo yanapomzidi mtu, tuseme "amelemewa", tusiseme "amepagawa".

Hospitali ya Mtakatifu Fransisi ya Kwamkono, wilayani Handeni, ilijulikana kwa kuwahudumia watoto waliopooza kwa polio. Mkongojo huonekana, hivyo hakuna abishaye. Wepesi wa hisi hauonekani. Hata hivyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kwa kadiri mtu anavyokosa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wenziwe, na aliyebaki nyumbani kwa kuogopa kengele ameikosa.

Tiba yenyewe si ya gharama. Mwenye wepesi wa hisi apewe kiti karibu na mlango, aarifiwe mapema kengele itakapolia, akubaliwe kutoa amani kwa kuinamisha kichwa badala ya kushikana mikono, na ibada mojawapo ifanywe bila uvumba. Tena pawepo "mahali pa kutulia". Wengine wamependekeza "chumba cha utulivu", lakini makanisa mengi ya vijijini hayana chumba cha ziada. Yana mwembe uani, na kivuli chake chatosha.