Kifaa Kisicho na Wenziwe Hakina Soko

Ndugu msomaji, anunuaye balbu ya pini hujua kwamba haitaingia katika holda ya skrubu. Hata ikiwa na mwanga mkali namna gani, isipoingia, fedha yake imepotea. Jambo la namna hiyo liliwakabili wanunuzi wa Marekani mwanzoni mwa karne hii, walipoanza kuunganisha kompyuta zao bila waya. Hebu tulitafakari, kwani lina funzo kwa kila familia yenye bajeti.

Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumike bila leseni. Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE ilitoa kanuni ya 802.11, iliyopitisha megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 zikafuata mbili zaidi: 802.11b ya megabiti 11, na 802.11a ya megabiti 54.

Lakini uwanja ulikuwa na washindani. Kikundi cha HomeRF, kilichoundwa mwaka 1998, kilikusudia nyumba za familia; chombo chake kiliweza kubeba habari za kompyuta pamoja na sauti ya simu. Huko Ulaya, mwaka 2000, ilikamilishwa HiperLAN/2 ya megabiti 54, iliyopangwa kwa uangalifu ili sauti na picha zisikatike njiani. Yamkini ungedhani kwamba soko lingewaangukia hao.

Kwa nini basi halikuwaangukia? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1999 makampuni sita yaliungana kuvipima vifaa vya 802.11b, ili kadi ya kiwanda kimoja izungumze na ya kiwanda kingine. Vilivyofaulu vilipewa alama ya Wi-Fi. Mwaka huo huo Apple ilitoa kadi ya namna hiyo kwa dola 99. Viwanda vilipoongezeka, bei ilizidi kushuka.

HomeRF ilianza kwa megabiti 1.6 tu. Ili kufikia 10, ilibidi ingoje ruhusa ya serikali iliyotolewa Agosti 2000, na vifaa vyake vya kasi hiyo vikaja mwaka 2001. Wakati huo mfanyakazi aliyetumia Wi-Fi ofisini alitaka kompyuta ile ile ifanye kazi nyumbani, wala hakuona sababu ya kununua kadi ya pili. Intel, iliyokuwa mwanachama wa HomeRF, ilihamia upande wa Wi-Fi mwaka 2001. Januari 2003 kikundi kikavunjwa. HiperLAN/2 nayo haikupata soko.

Hata 802.11a, licha ya kasi yake, haikuenea majumbani, kwa sababu ilitumia masafa mengine na haikuweza kuzungumza na 802.11b. Mwaka 2003 ilitoka 802.11g, yenye megabiti 54 na yenye kuelewana na vifaa vya zamani. Hiyo ndiyo iliyopokewa.

Yafaa ieleweke kwamba mshindi hakuwa mkamilifu. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwamba kufuli yake ya siri, iliyoitwa WEP, iliweza kuvunjwa kwa urahisi. Hata hivyo alikuwa na wenziwe wengi, nao walimsaidia kujirekebisha.

Ndugu msomaji, leo maduka yanauza Wi-Fi 6 na Wi-Fi 7, na kila boksi limepambwa kwa tarakimu kubwa. Kumbuka uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla hujatoa fedha za karo au za kodi ya nyumba, jiulize mambo matatu. Je, kifaa hiki kina alama iliyokubaliwa na viwanda vingi? Je, simu na kompyuta zilizomo nyumbani zinaweza kutumia kasi hiyo? Je, laini ya intaneti unayolipia inaifikia? Ikiwa laini yako ni ya megabiti 20, ruta ya maelfu haitakuletea intaneti ya zaidi ya hizo 20.

Kasi iliyoandikwa juu ya boksi ni ahadi ya muuzaji. Manufaa ni yale yanayokifikia chumba anachosomea mwanao.