Kwa Baiskeli Kutoka Kizuizi Kidogo Hadi Karongi

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, kuna milango miwili mikuu ya kuingilia Goma, mji jirani wa Kongo. Wa kwanza uko ufukoni mwa Ziwa Kivu, nao huitwa Grande Barrière, yaani Kizuizi Kikubwa. Wa pili uko mbali kidogo na maji, katikati ya makazi ya watu wa kawaida, nao huitwa Petite Barrière, Kizuizi Kidogo. Majina haya humpotosha mgeni. Kabla ya maradhi ya UVIKO-19 kufunga mipaka mwezi Machi 2020, hicho kinachoitwa kidogo kilikuwa kikivukwa na watu wapatao 50,000 kwa siku, na wengi wao walikuwa akina mama wachuuzi, wenye mizigo ya mboga, nyanya na viazi vichwani. Kikubwa ni cha wageni na magari yao. Kidogo ni cha umma.

Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi safari ya baiskeli inayoanzia kwenye kizuizi hicho, ikafuata milima ya upande wa mashariki wa ziwa hadi mji wa Karongi, ambao zamani uliitwa Kibuye. Ni mwendo wa karibu kilomita 100 kwa barabara ya lami iliyotengenezwa katika miaka ya 2010. Nchi yenyewe ni tulivu: migomba, mashamba ya chai, watoto wanaotoka shuleni, na ziwa linaloonekana na kupotea tena nyuma ya vilima. Lakini kila kijiji njiani kina historia yake, na karibu kila historia hiyo imemhusu mtu aliyevaa sare. Aendaye kwa gari hupita vijiji hivyo bila kuviona. Aendaye kwa baiskeli hana budi kuvifikia polepole, akihema.

Tuanze na baiskeli zilizopo pale kizuizini, maana haziko za aina moja. Kwanza kuna ile ya mbao, ambayo Wakongo wa Goma huiita chukudu na Wanyarwanda huiita igicugutu. Haina pedali wala mnyororo. Ni ubao mrefu uliowekwa juu ya magurudumu mawili ya mti mgumu yaliyovishwa mpira, wenye usukani mbele. Mwenyewe huisukuma anapopanda mlima, na anapoteremka hupiga goti moja juu yake na kuiachia. Breki yake ni kipande cha tairi kikandamizwacho kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa au saruji. Watu wa Goma wamekisimamishia chombo hicho sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara mjini mwao, na sisi tunaona walifanya haki, kwani miji mingi husimamisha sanamu za watu ambao hawakuwahi kubeba hata gunia moja.

Askari asiidharau baiskeli ya mzigo. Mwaka 1954, Wavietinamu walipouzingira mji wa Dien Bien Phu, walipitisha chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli zilizosukumwa kwa miguu, nyingine zikibeba kilo 200 na zaidi, usukani ukiwa umerefushwa kwa fimbo ili msukumaji aweze kutembea kando. Kabla ya hapo, tangu Desemba 1941 hadi Februari 1942, Wajapani waliiteremka rasi ya Malaya kwa baiskeli hadi Singapore ikasalimu amri. Msukumaji wa chukudu wa Petite Barrière hajafundishwa habari hizo, lakini kanuni ya kazi anaijua vizuri.

Kisha kuna baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono. Hizi ni za ndugu zetu walemavu wa miguu, ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi ya kuvusha bidhaa kati ya miji hii miwili. Kitanda cha mizigo kimefungwa nyuma, na mara nyingi wasukumaji wenye miguu mizima hufuata wakiwa wameajiriwa na huyo aliyeketi. Mwisho kuna baiskeli za kawaida za chuma zenye keria, za wale wabebao abiria na magunia. Wenzetu wa mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndio waliozipa baiskeli za namna hiyo jina la bodaboda, kwa sababu kazi yao ilikuwa kumtoa mtu mpaka mmoja na kumfikisha mpaka wa pili. Kwa hiyo baiskeli na mpaka katika Afrika ya Mashariki ni ndugu wa tangu zamani.

Na mlinzi wa mpaka? Mpaka wenyewe ulikubaliwa mwaka 1910 mjini Brussels, kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na tangu siku hiyo amekuwapo mtu wa kuulinda. Miaka minne tu baadaye walinzi wake walianza kupigana. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani, wakiongozwa na Kapteni Max Wintgens, walikiteka kisiwa cha Idjwi kilicho katikati ya ziwa. Wabelgiji nao walirudi kwa nguvu mwaka 1916, na kufikia mwezi Mei wa mwaka huo Wajerumani walikuwa wameiacha Gisenyi. Walioteseka katika mahandaki ya pande zote mbili wengi wao walikuwa askari wa Kiafrika. Lugha ya amri ya wale wa Wajerumani ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017, na ambayo pale Petite Barrière haikungoja sheria yoyote ili itumike katika kupatana bei.

Mwezi Julai 1994, katika siku chache tu, watu zaidi ya 800,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma. Wengine walikuwa raia waliotishwa. Wengine walikuwa wanajeshi na wanamgambo walioshindwa, wakitoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Silaha nyingine zilirundikwa mpakani, nyingine zilivuka pamoja na wenyewe. Kipindupindu kilifuata juu ya miamba ya volkano isiyochimbika kaburi, kikaua makumi ya maelfu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipolipuka, watu walivuka kwa upande huu: maelfu wa Goma walikimbilia Gisenyi na magodoro vichwani, nao walinzi wakafungua njia, ingawa mpaka ulikuwa ungali katika masharti ya UVIKO.

Tarehe 17 Juni 2022 lilitokea jambo la namna nyingine. Kwa taarifa ya Jeshi la Rwanda, askari mmoja wa Kongo alivuka pale Petite Barrière akifyatua risasi, akajeruhi polisi wawili wa Rwanda, na polisi mwingine aliyekuwa kazini akampiga risasi akafa kiasi cha mita 25 ndani ya mpaka. Serikali ya Kongo ikaamuru mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Kwa afisa ofisini, hayo ni mabadiliko ya saa. Kwa mchuuzi wa nyanya na kwa mwenye baiskeli ya mikono, ni nusu ya riziki. Nyanya haijui kungoja kesho. Na mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, mabomu na risasi zilivuka mpaka zikaua raia mjini Rubavu.

Sasa tupande baiskeli. Msomaji atokaye Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke jambo moja kabla ya yote: Rwanda huendesha upande wa kulia. Gisenyi iko karibu na usawa wa ziwa, yaani kama mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka hapo barabara hupanda. Apandaye aanze na gia nyepesi kabla mapafu hayajamwomba, na kabla ya kuondoka azikague breki zake, kwa sababu kila mlima wa huko una upande wake wa pili.

Si mbali na mji ipo Nyundo. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha kituo hapo mwaka 1901, na mwaka 1952 aliwekwa hapo Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu, mtu aliyejulikana pia kwa kukusanya mila na methali za nchi yake. Mwezi Aprili 1994 watu waliokimbilia katika majengo ya kanisa la Nyundo waliuawa humo humo. Pembeni unapita mto Sebeya. Ukiutazama wakati wa kiangazi ni kijito cha kunawia miguu, lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika ukabomoa nyumba na kuleta tope hadi katika vyumba vya watu. Mvua ya usiku huo iliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini.

Sababu mojawapo mpanda baiskeli huiona anapofika juu. Upande wa kushoto wake kulikuwa na msitu wa Gishwati, uliokuwa na zaidi ya hekta 20,000 katika miaka ya 1970. Ukakatwa kwa ajili ya malisho, kisha kwa ajili ya makazi ya wakimbizi waliorudi baada ya 1994, hata kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zikabaki hekta mia kadhaa tu. Miteremko iliyovuliwa miti haishiki maji. Udongo wake huishia Sebeya, na Sebeya huishia ziwani. Miti imeanza kurudishwa, na kilichosalia kimewekwa pamoja na Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Kwenye gari mtu huona mandhari nzuri ya kijani. Kwenye baiskeli huona ni wapi kivuli kinakwisha.

Baada ya chai ya Pfunda barabara huingia wilaya ya Rutsiro, na hapo ndipo miguu hupimwa. Kupanda, kuteremka, kupanda tena. Njia ya zamani ya udongo, iliyo chini karibu na maji, ni sehemu ya njia maarufu ya matembezi iitwayo Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Ni nzuri zaidi, lakini ni ya mwenye tairi pana na subira. Ile ya lami ndiyo iliyopitiwa na mashindano ya Tour du Rwanda.

Mashindano hayo yana sifa yake. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alifika Rwanda akaona wakulima wakisukuma kahawa yao milimani, akabuni baiskeli ya chuma yenye mgongo mrefu ya kubebea magunia. Mwenzake Jonathan Boyer, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981, akabaki kufundisha vijana, kati yao wakiwamo waliokuwa wakipata riziki kwa kubeba abiria na mizigo. Adrien Niyonshuti, ambaye ndugu zake waliuawa mwaka 1994, aliiwakilisha Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014, Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo tangu mashindano yaingie katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Mwezi Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Milima ilikuwa mikali hata katika mbio kuu za wanaume wakamaliza 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwa mbele.

Lakini kwa wasomaji wetu, mwezi Februari wa mwaka huo una mafunzo zaidi. Goma ilikuwa imetekwa majuma manne tu yaliyopita, na timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ilijitoa kwa kuhofia usalama. Hata hivyo mashindano yalifika Rubavu, na kesho yake yakaondoka kwenda Karongi kwa njia hii hii. Kulinda mbio za baiskeli ni kazi ngumu kuliko kulinda msafara wa kiongozi. Hakuna kioo wala chuma kati ya mkimbiaji na umati. Kila njia ya panya yenye mbuzi au mtoto ni hatari. Na polisi aliyesimama penye kona hana haki ya kugeuka kuwatazama washindani wakipita, ingawa huenda ndiyo mara yake ya pekee kuwaona. Macho yake yako kwa watazamaji.

Karongi hujitokeza chini ghafla, na visiwa vyake vimetawanyika majini. Jioni wavuvi huondoka na mashua tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili kupiga makasia kwa pamoja, kwenda kuvua sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Juu ya rasi liko kanisa ambamo maelfu waliuawa tarehe 17 Aprili 1994, na kesho yake ikafuata zamu ya waliokusanywa katika uwanja wa michezo wa Gatwaro.

Mwenye nguvu bado katika miguu ataendelea hadi vilima vya Bisesero. Huko Watutsi walijikusanya wakapigana kwa mawe, mikuki na fimbo, kuanzia Aprili hadi Juni, dhidi ya watu wenye bunduki. Tarehe 27 Juni 1994 kikosi cha askari wa Ufaransa, waliokuja kwa Operesheni Turquoise, kilifika hapo, kikakutana na walionusurika na kuona majeraha yao. Kiliwaahidi kwamba kitarudi, kikaondoka. Kilirudi tarehe 30, na katika siku hizo tatu wauaji waliua mamia ya watu waliokuwa wamejitokeza kutoka mafichoni. Kutoka Karongi hadi Bisesero, kwa baiskeli ya kawaida na mpandaji asiye na haraka, ni mwendo wa nusu siku.